Tovuti haipimwi kwa ukurasa wa mbele

Juni 1999, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Mwaustralia mmoja asiyeona, Bruce Maguire, alifikisha malalamiko mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi yake. Kuhusu tovuti ya michezo alikuwa na mambo matatu tu. Picha na viungo havikuwa na maandishi mbadala ambayo kifaa chake cha nukta nundu kingeweza kuyasoma. Kutoka kwenye ukurasa wa ratiba hakukuwa na njia ya kufika kwenye orodha ya michezo. Na majedwali ya matokeo yasingesomeka. Kamati ya maandalizi ikajitetea kwa hesabu. Ilisema kuna violezo 1,295 vya kurekebisha, na kwamba mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku angehitaji siku 368. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi wakaikataa hesabu hiyo: violezo ni vichache mno kuliko hivyo, muda wa kurekebisha kila kimoja ni mfupi kuliko unavyodaiwa, na kikosi kidogo kingefikia kiwango cha msingi kwa wiki 4. Agosti 24, 2000 Tume ikampa Maguire haki. Kamati haikutekeleza yote iliyoagizwa, ikaishia kulipa fidia ya dola 20,000 za Australia.

Kesi hii hutajwa duniani kama ushindi wa haki za watu wenye ulemavu, na ni kweli. Ila ndani yake mna ugomvi mwingine usiotajwa sana, ugomvi wa namna ya kuhesabu. Upande mmoja ulihesabu violezo zaidi ya elfu moja, upande wa pili ukaona ni vichache tu vinavyozalisha kurasa zote. Wa kwanza ukapata mlima, wa pili ukapata kazi ya mwezi mmoja. Robo karne imepita na hesabu ya mlima bado ndiyo inayotawala ofisini kwetu. Mkuu wa idara akiulizwa kama tovuti ya taasisi yake imepimwa kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu au wasioweza kushika kipanya, jibu huwa kwamba kurasa ni maelfu, fedha hakuna, na mwaka wa fedha unakaribia kwisha. Ninachosema ni kwamba bajeti finyu haimzuii mtu kupima vizuri. Inamlazimisha tu kuacha kuhesabu kurasa. Achague njia chache ambazo wananchi wanazipita kweli, azifuate kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na katika kila hatua apime sura zote ambazo ukurasa unaweza kuzivaa. Atatumia fedha kidogo, na atagundua mengi kuliko aliyelipia ripoti nene ya tovuti nzima.

Huduma zenyewe zimekwisha kuhamia mtandaoni. Kenya ilipozindua Gava Mkononi katikati ya 2023, huduma za serikali zaidi ya 5,000 ziliwekwa kwenye eCitizen. Tanzania, anayetafuta kazi katika utumishi wa umma hupitia Ajira Portal, na mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake mtandaoni. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 6 duniani kote. Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Kenya imetunga upya ya kwake mwaka 2025, na nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja intaneti kwa jina. Kenya imekwenda mbele zaidi kwa kuwa na kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za tehama, KS 2952, cha mwaka 2022. Kwa hiyo sitapoteza nafasi kubishana kama wajibu upo. Upo. La kujadili ni namna ya kuutimiza kwa kile kilichomo kwenye kasha.

Kinachofanyika mara nyingi ni kupima ukurasa wa mbele. Ndio anaoufungua bosi, ndio unaopigwa picha siku ya uzinduzi. Ndio pia unaochunguzwa na utafiti mkubwa kuliko wote wa aina hii: tangu 2019, shirika la WebAIM la Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani hupitisha programu kila mwaka kwenye kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2025 asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa yanayoonekana kwa mashine, wastani wa makosa 51 kwa ukurasa. Humo humo limejificha jambo la kumtia moyo mwenye mfuko mdogo: asilimia 96 ya makosa yote ni ya aina sita tu. Maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaalamu apandishwe ndege. Lakini wenye utafiti hawafichi mipaka yake: wanaona ukurasa wa mbele, na wanaona yale tu ambayo mashine inaweza kuyaona. Mwananchi, kwa upande wake, haishi kwenye ukurasa wa mbele. Anaupita kwa sekunde chache akienda kwenye fomu.

Na fomu ndiko kwenye balaa. Chukua fomu yoyote ya kawaida ya kuomba kazi au kibali. Anwani yake ni moja, lakini sura zake ni nyingi. Ukiifungua ni tupu na safi. Ukibonyeza “Tuma” wakati namba ya kitambulisho imepungua tarakimu moja, kisanduku kinazungushiwa mstari mwekundu. Mwenye macho ameelewa, asiyeona anasikia kimya, kwa sababu kisoma skrini hakitangazi rangi, na asiyetofautisha nyekundu na kijani anabaki akitazama fomu ileile. Ukichagua mkoa, orodha ya wilaya inachomoza chini bila mtu yeyote kuambiwa kwamba imechomoza. Kalenda ya tarehe ya kuzaliwa inafunguka mwezi huu wa mwaka huu, na inamtaka aliyezaliwa 1988 abonyeze mshale wa kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Kidirisha cha masharti kinatokea katikati ya skrini, huku kielekezi cha kibodi kikibaki kimenaswa nyuma yake. Kisha inakuja namba ya siri ya mara moja. Inatumwa kwa ujumbe mfupi na dakika mbili zinaanza kuyeyuka. Anayetumia kisoma skrini kwenye simu hiyo hiyo lazima atoke kwenye ukurasa, afungue ujumbe, asikilize tarakimu sita, azishike kichwani, arudi, akitafute kisanduku. Akikifikia, muda umekwisha na fomu imejifuta. Yote hayo ni ukurasa mmoja. Programu ya ukaguzi iliyoufungua asubuhi, ungali mtupu, inaweza kabisa kuupa alama 98 kati ya 100.

Hapa mhasibu atashtuka. Ikiwa ukurasa mmoja una sura saba, tovuti ya kurasa 3,000 ina sura 21,000, na nani atazilipia? Ni Sydney ile ile inarudi. Kurasa 3,000 hazikujengwa moja moja. Habari na matangazo yote yamemiminwa kwenye kiolezo kimoja. Menyu, kisanduku cha kutafutia na sehemu ya chini ni vilevile kila mahali. Kitufe kikirekebishwa pale kilipoandikwa, kimepona kote kinakotokea. Fundi akiona matofali yote yana ufa upande mmoja hazunguki ukuta mzima na chokaa, anakwenda kuiangalia kalibu. Mwaka 2014, W3C, muungano unaotunga viwango vya mtandao wa dunia, ulitoa utaratibu wa kutathmini tovuti unaoitwa kwa kifupi WCAG-EM, na kiini chake ni hicho hicho. Unachagua sampuli inayowakilisha aina za kurasa na shughuli muhimu za tovuti. Ukurasa mmoja uliochaguliwa ukiwa hatua ya shughuli fulani, unachukua hatua zote za shughuli hiyo hadi mwisho. Halafu unaongeza kurasa chache za kubahatisha, idadi yake ikiwa asilimia 10 ya zile ulizochagua kwa makusudi, kuona kama zitaleta jambo jipya. Kwa makisio yangu, taasisi ya wastani ya kwetu, yenye huduma tatu au nne zinazotumika kweli, inatoka na kurasa 15 hadi 20. Hizo hupimika kwa siku chache, sura zake zote zikiwemo.

Kilichobaki ni kuchagua vipimo, na mwenye fedha kidogo achague vile vinavyofanya kazi mbili kwa bei ya kimoja. Cha kwanza hakina bei kabisa: ondoa kipanya mezani, kisha jaribu kuifikisha fomu mwisho kwa kibodi peke yake. Kipimo hicho kinamhusu mwenye mikono inayotetemeka au mkono mmoja, na wakati huo huo kinaonyesha mengi kuhusu asiyeona, maana kitufe kisichofikika kwa kibodi kwa kawaida kinamsumbua na mtumiaji wa kisoma skrini. Cha pili ni kukuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1,280. Unachopata ni upana wa pikseli 320, sawa na simu nyembamba, na toleo la viwango la 2018, WCAG 2.1, linataka maandishi yajipange upya katika upana huo bila mtu kulazimika kuyasukuma kushoto na kulia. Meneja anayeamini kwamba tovuti yake haina wasomaji wenye uoni hafifu bila shaka anao wenye simu ndogo za bei nafuu. Amewahudumia wote kwa jaribio la dakika tano. Rangi nazo zina kipimo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kile kijivu chenye namba 777777, ambacho wabunifu hukipenda kwa upole wake, kikiwa juu ya nyeupe kinapata 4.48. Kimeanguka kwa uzi mmoja, na dereva wa bodaboda anayesoma simu kwenye jua la saa saba anajua hivyo bila kupima. Kwa upande wa visoma skrini, NVDA cha kompyuta kilianzishwa 2006 na Michael Curran na kuendelezwa pamoja na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, nacho hutolewa bure hadi leo. TalkBack tayari kimo kwenye simu nyingi za Android, kinasubiri kuwashwa. Hakuna leseni ya kununua. Unaohitajika ni muda wa kujifunza, na muda huo ni wa saa, haufiki miezi.

Mtu wa tehama atasema anazo programu za bure, axe au Lighthouse, zinazoweza kukagua kurasa zote 3,000 usiku mmoja watu wakiwa wamelala. Azitumie, tena azitumie kwanza, kwa sababu ni upuuzi kumlipa binadamu atafute picha isiyo na maelezo. Tatizo linaanza pale ripoti yake inapogeuzwa hati ya kufungia faili. Mwaka 2017 watumishi wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza walitengeneza kwa makusudi ukurasa mbovu wenye vikwazo zaidi ya 140, wakauleta mbele ya programu za ukaguzi zilizopo sokoni. Iliyofanya vizuri kuliko zote iliona takriban asilimia 40. Kampuni ya Deque, inayotengeneza axe, ina hesabu yake inayofika asilimia 57, ikihesabu kila kosa kila linapojirudia kwenye kurasa halisi. Tuwape hiyo 57. Inayobaki ndiyo inayomkwamisha mtu, na humo mna makosa ya kwetu ambayo hakuna aliyeko mbali atakayetutafutia. Kwa mfano, kila ukurasa hubeba ndani yake alama ya lugha. Violezo vingi vinavyonunuliwa huja vimeandikwa “en”, yaani Kiingereza, na mwekaji anajaza maneno ya Kiswahili bila kuigusa alama. Mashine inauliza kama lugha imetajwa. Imetajwa, basi inapita. Kisoma skrini kinaitii alama hiyo na kuanza kukisoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, hadi “chagua” linatoka kama jina la mji usiokuwepo. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG inayokuja na NVDA inayo. Dawa ni herufi mbili, “sw”. Na anayeweza kuligundua kosa hilo ni Mswahili yeyote akikaa akasikiliza kwa nusu dakika.

Wapo pia wanaouziwa njia ya mkato: kipande cha programu kinachobandikwa kwenye tovuti, kikaweka alama ya kimtu pembeni, na kuahidi kumaliza kila kitu kwa ada ya mwezi. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa kudai kuwa bidhaa yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango. Ada hiyo ya mwezi, ikikusanywa mwaka mzima, ni posho ya wapimaji halisi.

Kuna sura moja ya tovuti zetu ambayo naona miongozo ya nje haiipi uzito unaostahili, nayo ni tangazo lililogongwa muhuri. Barua inaandikwa kwa kompyuta, inachapwa, inatiwa saini, inagongwa muhuri, inapitishwa kwenye skana, kisha inapakiwa kama PDF. Machoni ni barua rasmi. Kwa kisoma skrini ni picha isiyo na neno hata moja. Mwenye uoni hafifu akiikuza, herufi zinachakaa kama gazeti lililolowa. Mwenye simu ndogo anaisukuma huku na huku kila mstari, na bando lake linaliwa na faili zito ambalo lingekuwa ukurasa mwepesi wa maandishi. Na humo ndimo mlimo na mambo yenyewe: sifa za kazi, tarehe ya mwisho, majina ya walioitwa kwenye usaili, masharti ya zabuni. Kinachokera ni kwamba nakala inayosomeka ipo, imelala kwenye kompyuta ya aliyeichapa, chumba cha pili. Kuyapandisha maandishi yake kwenye ukurasa, na ile yenye muhuri ikaambatanishwa kwa anayeihitaji, hakutaki zabuni wala semina ya siku tatu. Taasisi isiyo na hata shilingi moja ya upimaji inaweza kuanzia hapa leo mchana: fungua matangazo kumi ya mwisho, jaribu kulichagua neno moja na kulinakili. Lisipochagulika, hilo si tangazo kwa kila mtu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la sampuli. Ukipima kurasa 20, zile 2,980 zina nini? Swali ni la haki. Sampuli haiwezi kutoa cheti kwamba tovuti nzima ni safi, na anayeandika hivyo kwenye ripoti anadanganya. Lakini hata wenye fedha huchukua sampuli. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2016 kuhusu tovuti za taasisi za umma yaliwekewa utaratibu wa ufuatiliaji wa aina mbili, ukaguzi mwepesi kwa tovuti nyingi na ukaguzi wa kina kwa tovuti chache, na huo wa kina nao hupima kurasa zilizochaguliwa. Wanachofanya ili kufunika pengo ni kuitaka kila taasisi ichapishe tamko la ufikivu: lipi bado halifikiki, na mwananchi alalamike wapi. Hilo tunaliweza. Kurasa za kubahatisha zibadilishwe kila robo mwaka, na tovuti iwe na namba ya simu inayopokelewa na mtu, si namba ya mapambo. Lalamiko moja la kweli kutoka kwa aliyekwama linafanya kazi ya ukurasa wa sampuli ambao hukuuchagua, tena halikugharimu kitu.

Halafu kuna wale wasemao kwa upole kwamba mtu asiyeona ana ndugu, ana mtoto wa kumsomea, na kijana wa steshenari atamjazia fomu kwa elfu moja au mbili; Wakenya watasema aende saiba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana wa steshenari anapewa namba ya kitambulisho, nywila, namba ya simu ya miamala na ile namba ya siri ya mara moja, yaani kila kitu ambacho benki na mitandao ya simu hutukataza usiku na mchana tusimpe mtu. Mhitimu wa chuo kikuu asiyeona anaomba kazi kupitia kwa mtu asiyemjua, asiyejali kama jina la kati limeandikwa sawasawa. Kwa hesabu ya taasisi, gharama ya kupima imeokolewa. Kwa hesabu ya kweli imehamishwa tu: sasa inalipwa na mwombaji, mmoja mmoja, kwa nauli, kwa ada ya kujaziwa na kwa siri zake. Ukizijumlisha za mwaka mzima katika huduma moja inayotumika sana, sidhani kama siku chache za upimaji zitaonekana ghali.

Ndiyo maana sehemu ya fedha hizo chache iende kwa watu wenyewe. Makosa yanayoonekana kwa mashine na kwa kibodi yakisharekebishwa, na si kabla, waitwe watu watatu au wanne kwa nusu siku: anayetumia TalkBack kila siku, mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi, mwenye ulemavu wa mikono, na kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya alama. Huyu wa mwisho husahaulika sana, kwa kudhani kwamba tovuti haina sauti hivyo haimhusu, ilhali sentensi ya kiofisi yenye mistari mitano ni ukuta kwake kama ilivyo kwa wengi wetu. Wasiulizwe kama wanaipenda tovuti. Wapewe kazi: omba kibali hiki hadi upate namba ya kumbukumbu. Aliyeijenga tovuti akae pembeni, atazame, asisaidie. Na walipwe kama washauri wengine wanavyolipwa, maana kuna desturi mbaya ya kuwaita watu wenye ulemavu wapige picha na mgeni rasmi, wapewe fulana na soda, kisha ripoti iandikwe kwamba wadau walishirikishwa.

Fedha nyingi kuliko zote hupotea kabla upimaji haujaanza, siku ya kusaini mkataba wa kujenga tovuti. Mkataba unaosema “tovuti iwe rafiki kwa watu wenye ulemavu” hausemi kitu, kwa kuwa hakuna atakayeweza kusimama mbele ya mkandarasi na kuonyesha ameuvunja wapi. Mkataba unaotaja huduma nne kwa majina, ukataka kila moja ikamilishwe kwa kibodi, kwa TalkBack, kwa upana wa pikseli 320 na kwa fomu iliyokosewa makusudi, na ukashikilia sehemu ya malipo ya mwisho hadi hilo lionekane kwa macho, umekwisha kuhamisha kazi kubwa ya upimaji kwa anayepaswa kuifanya, bila kuongeza shilingi. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania na wenzao wa Kenya wanaweza kuiandika ibara hiyo mara moja, taasisi nyingine zikainakili. Lakini hakuna haja ya kuwasubiri. Wewe uliye kwenye kamati ya zabuni, au bodi ya chuo, au unayeongoza SACCOS inayojiandaa kulipia tovuti mpya: kabla hujaweka saini kwenye hati ya malipo, mwombe mkandarasi aweke kipanya kando, azime skrini, aijaze fomu yako mbele yako mpaka ipokelewe.